Nilivyomchora rafiki yangu mwandishi baada ya kumfuta mara mbili

Kila niliyemweleza kwamba nataka kumchora rafiki yangu mwandishi alinipa ushauri uleule: mketishe mbele ya rafu ya vitabu, kidevu kiganjani, macho yatazame mbali. Nilitii, nikapata picha ya mtu anayeumwa jino. Mwenyewe aliitazama kwa muda, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, huyu bwana namheshimu, ila hatujawahi kukutana." Rangi ya mafuta hukauka polepole, basi jioni ileile niliukwangua uso wote kwa kisu, nikapangusa kwa kitambaa chenye tapentaini, na kikabaki kivuli cha kahawia ambacho, naona haya kukiri, kilifanana naye kuliko kazi yangu ya siku nne.

Mara ya pili nilifuata fotografia iliyopigwa kwa karibu, na pua ikatoka kubwa kupita kiasi. Nayo nikaifuta. Nilijiliwaza kwa kisa cha Picasso, ambaye mwaka 1906, baada ya kumketisha mwandishi Gertrude Stein mara nyingi mno, alikifuta kichwa chote, akaenda Hispania, kisha akarudi na kukimaliza bila Stein kuwa mbele yake.

Hila iliyonifaa ilikuwa kumpa kazi. Nilimwambia alete muswada wake na kalamu nyekundu, ahariri asinijali. Kwa robo saa alijifanya anahariri; kisha akakutana na sentensi mbovu. Ulimi ukalisukuma shavu la kushoto kwa ndani, nyusi moja ikashuka, na kidole gumba kikaanza kuusugua ukingo wa karatasi. Sura ile ilirudi kila alipokwama, nami nikaivizia kama mvuvi avuaye kwa mshipi, nikipaka shati wakati wa kusubiri. Nyuma yangu niliweka kioo, kwa kuwa picha iliyogeuzwa haifichi kosa, na ndicho kilichonionyesha kwamba sikio lilikuwa limeshuka hadi usawa wa mdomo. (Tabaka za chini ziwe na tapentaini zaidi, za juu mafuta ya kitani zaidi, anayepindua utaratibu huo asishangae rangi ikipasuka.)

Alipoiona hakuisifu. Aliinama karibu na turubai, akaukazia macho mkwaruzo mwekundu niliouweka kwenye karatasi iliyo mkononi mwake, akauliza ni sentensi gani ile aliyoikata.