Kusikia Harufu ya Karafuu

Leo ni siku yangu ya tatu Pemba, na harufu ya karafuu imenitoroka. Juzi nilipoteremka melini Mkoani na gari ikashika njia ya Wete, ilinipokea kabla sijamwona jamaa hata mmoja, kwa kuwa kando ya barabara karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini na kila upepo ulipovuma niliivuta hewa kama mtu mwenye kiu. Nilipomsimulia shangazi, aliyekuwa kibarazani akichambua na kutenga makonyo, aliinua uso akanishangaa. "Harufu gani, mwanangu? Mbona mimi siisikii?" Sasa namwelewa, maana tangu asubuhi nimeketi kando ya jamvi lake na pua yangu haina habari.

Juu kabisa ndani ya pua mna chembe za neva zenye vipokezi vya harufu, ambavyo kwa binadamu ni takriban aina 400. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel ndio walioeleza jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kipokezi kinachoguswa na kitu kile kile bila kukoma hupunguza kupeleka habari, na ubongo nao huacha kuijali, kwa sababu kilicho muhimu zaidi kwake ni kile kilichobadilika. Karafuu za shangazi hazijabadilika tangu msimu uanze.

Nimelifikiria pia neno lake, "siisikii". Sisi husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia maumivu. Nilipokuwa skuli niliona kwamba lugha yetu imefanya uvivu kwa kulibebesha tendo moja mizigo yote hiyo. Leo siamini hivyo. Kipokezi cha jicho hupokea mwanga, cha sikio hupokea mtikisiko, cha ulimi hupokea kemikali, lakini vyote huishia kuugeuza ujumbe wao kuwa umeme mdogo unaopita katika neva, na ubongo haupokei kingine isipokuwa umeme huo.

Jana usiku jino lilinisumbua, nikapewa karafuu niibane kwa meno. Kwanza paliwaka, kisha pakafa ganzi. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo yujenoli, ambayo hukigusa kipokezi kile kile kinachoamshwa na pilipili na pia na joto linalozidi nyuzi 43 hivi. Baadaye huzizima neva zinazobeba maumivu. Na kwa kuwa pilipili na joto huamsha kipokezi kimoja, mla pilipili hupepea mdomo ilhali mdomoni hamna moto wowote. Mwanasayansi David Julius, aliyekitambua kipokezi hicho mwaka 1997, alipata Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vya mgandamizo. Shangazi hakuhitaji tuzo kujua dawa ya jino.

Lakini kilichonikalia zaidi moyoni ni pweza. Maji ya bamvua yalipotoka nilimfuata shangazi mwambani, na pweza aliyemtoa shimoni akanizungushia mnyiri mkononi. Nilikuwa nikidhani kwamba ananishika tu. Kumbe vile vikombe vyake vya kunatia vina vipokezi vinavyoonja kila vinachokigusa, jambo lililoelezwa na watafiti mwaka 2020, na sehemu kubwa ya neva zake zimo katika minyiri yenyewe, hata mnyiri ukiingia ufa usiofikiwa na jicho hujua wenyewe kama umekuta kaa au jiwe. Kwa hiyo mimi nilipokuwa nikimpapasa, yeye alikuwa akinionja. Ajabu nyingine ni kwamba pweza walio wengi wana aina moja tu ya kipokezi cha mwanga machoni, kwa hiyo hawatofautishi rangi kama tunavyotofautisha sisi, na hata hivyo wanajigeuza rangi ya mwamba hadi mvuvi mzoefu anawapita.

Tuliporudi, shangazi alisimama mlangoni mwa chumba changu, akakunja pua. Nguo nilizosafiria, nilizozitundika ukutani tangu juzi, zinanuka dizeli ya meli, akasema, na nyumba nzima imejaa. Nilizinusa nguo hizo, nisisikie chochote. Nimezitia majini, na sasa zimeanikwa uani, mbali na majamvi.