Tamathali za usemi: anza na jina lenyewe

Kwa miaka mingi nilizijua tamathali za usemi, yaani zile mbinu za kusema jambo kwa picha badala ya moja kwa moja, kama orodha tu, yaani hata ungeniamsha usiku ningekutajia tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, mubalagha, tafsida, ila ukinipa shairi ukaniuliza hapa mshairi kafanya nini, naanza kutafuta neno "kama", nikiliona naandika tashbihi, nisipoliona naandika sitiari, basi. Na maksi nilikuwa napata, ndo maana sikushtuka mapema.

Kilichonifungua macho ni majina yenyewe. Mengi yana asili ya Kiarabu, na ndugu zao tunao kwenye Kiswahili cha kila siku, hatujui tu kama ni ndugu. Angalia takriri, ni ukoo mmoja na kukariri, kurudia rudia. Tashbihi ni ndugu wa kushabihiana, yaani kufanana. Tashihisi iko karibu na shakhsia, mzizi wake ni neno la mtu, kwa hiyo kazi yake ni kukifanya kisicho mtu kiwe mtu. Mubalagha, yaani kutia chumvi, nayo iko na balagha, yaani ufasaha wa usemi, na hata kubalehe, mzizi ni ule ule wa kufika, mtoto aliyebalehe amefika umri, na mwenye mubalagha anafika mbali kuliko pale ukweli ulipoishia.

Sitiari ndo ninayoipenda kuliko zote. Kwa Kiarabu istiara ni kuazima. Kuazima! Ukisema "moyo wake ni jiwe" umeenda kwa jiwe ukaazima kitu. Umeazima nini? Ugumu, ndiyo, labda na ubaridi, labda na ile hali kwamba ukilipiga ngumi unaumia wewe. Umbo lake hujaliazima. Na hakuna aliyemwambia msomaji achukue kipi aache kipi, anachagua mwenyewe. Sasa sema "moyo wake mgumu kama jiwe", hapo umeshamtajia ni ugumu, mengine yote umeyafungia nje. Kwa hiyo mi naona neno "kama" ni alama nzuri ya kuanzia lakini tofauti yenyewe iko kwa msomaji, ameachiwa kazi kiasi gani. Na "kama" yenyewe inadanganya, "kama utakuja niambie" hiyo ni sharti, "watu kama mia" hayo ni makadirio, hakuna kinachofananishwa na kitu hapo, halafu kuna tashbihi kibao zisizo na "kama" kabisa, zinakuja na mithili ya, sawa na, mfano wa.

Kuna vitu viliazimwa zamani sana mpaka tumesahau kama ni vya kuazima. Mguu wa meza. Mdomo wa chupa. Hata tafsida, yaani maneno laini ya kusema jambo zito, zinachakaa hivyo hivyo, chukua neno kufariki, asili yake ni kuachana, kutengana, ndugu yake ni kufarakana. Aliyefariki dunia ameachana na dunia. Lilikuwa neno la kupunguza makali, leo limekuwa la kawaida kabisa, ndo maana mbele ya wafiwa tunatafuta lingine laini zaidi, ametutoka, ametangulia.

Jina moja ambalo halitakusaidia kwa njia hii ni majazi. Kwenye Kiarabu linabeba lugha ya kitamathali kwa upana wake, ila kwenye uhakiki wetu wengi wanalitumia kwa jina la mhusika linaloendana na tabia au maisha yake, kwa mfano Mashaka ambaye kila ukurasa yuko kwenye mashaka. Hili likariri tu. Na usihangaike ukikuta kitabu kimoja kinasema chuku na kingine mubalagha, tashbihi na tashbiha, tashihisi na uhuishaji, ni vitu vile vile.

Kinaya na kejeli ndo zinachanganya wengi. Nyumba ya mzimamoto ikiungua yeye akiwa kazini anazima ya mwenzake, hicho ni kinaya, mambo yamekuwa kinyume na ulivyotarajia, hata kama hakuna mtu aliyefungua mdomo. Kejeli lazima awepo msemaji na awepo anayesemwa.

Ukishapata jina lakini kazi bado, maana kuna swali linabaki: hapa inafanya nini? "Njaa ilibisha hodi." "Njaa ilivunja mlango." Zote tashihisi, kwenye mtihani zote ungezipa jina moja, lakini hizi ni njaa mbili tofauti kabisa. Ya kwanza imekuja taratibu, mwenye nyumba ameisikia ikikaribia, pengine bado ana akiba kidogo. Ya pili haikusubiri mtu. Mwandishi alichagua kitenzi, na kitenzi ndo kinakwambia siku gani imefika ndani ya hiyo nyumba, kwa hiyo ukiandika tashihisi ukasonga mbele umeiacha hadithi yenyewe nyuma.

Halafu kuna tanakali za sauti, vijineno vinavyoiga sauti au hali ya kitu, na hapa naomba tusiende haraka maana watu wanazichukulia kama vitu vya hadithi za watoto, na mimi nadhani ndo utajiri mkubwa tulionao. Kiswahili hakikubali mtu aanguke tu hivi hivi. Anaanguka sakafuni pu, mchangani tifu, majini chubwi. Na sio sauti peke yake, maana giza halina sauti lakini ni totoro, nguo haisemi kitu lakini imelowa chepechepe, mtu ametulia tuli, pamejaa pomoni. Jaribu kutafuta kivumishi cha kuweka badala ya totoro. Ukisema "giza kali sana" umeeleza, ila ukisema totoro msomaji ameshanyoosha mkono kutafuta ukuta. Kingine nilichokuja kukiona baadaye ni kwamba hivi vijineno vinabeba na mahali: mwambie mtu "tukasikia chubwi!" kisha unyamaze, maji hujayataja popote, lakini yeye anakuuliza kama aliyeanguka anajua kuogelea.