Kituo cha Kima

Leo bodaboda kanishusha Kima, Makueni, kwenye reli ile ya zamani ya mkoloni. Kimya kabisa, mbuzi tu.

Hapa ndipo Juni 1900 afisa wa polisi, Charles Ryall, alipokesha ndani ya behewa na wenzake wawili wakimvizia simba mla watu. Zamu ilikuwa yake, usingizi ukamshinda. Simba akaingia mwenyewe! Behewa lilikuwa limeinama upande, mlango ukateleza ukajifunga, naye akatokea dirishani na Ryall mdomoni.

Behewa lenyewe lipo makumbusho ya reli Nairobi, niliwahi kuligusa. Na jina hilo, Kima... nyama ya kusaga, jamani! Nilikuwa nimebeba sambusa, zikanishinda.