Dakika 1 na Sekunde 52

Mtu aligonga glasi kwa kijiko. Mara moja tu, watu watulie, mwenye neno la kumuaga binti aseme. Wote wakageuka kumtazama msemaji. Mimi tumbo likanivuta, viganja vikalowa, nikajikuta natafuta karatasi mkononi. Miaka yote hii, na bado.

Binti wa kaka yangu akaona. Ni mtu wa maswali. Shughuli ilikuwa yake, wiki iliyofuata alikuwa anaanza chuo, lakini macho alikuwa ameyatoa kwangu. "Shangazi, vipi?" Nikamwambia nimepaliwa. Baadaye tunakusanya vyombo, akanijia kwa njia nyingine.

"Hivi wewe chuoni ulijiunga na nini?"

"Mdahalo."

"Ulikuwa mzuri?"

Nikamjibu kwamba nimewahi kuwa Naibu Waziri Mkuu. Na hilo ni kweli tupu. Nilichonyamazia ni kwamba wadhifa huo niliushika kwa dakika 1 na sekunde 52.

Wiki ya kwanza, meza za vyama zilikuwa zimepangwa ukumbini, kila meza na karatasi yake na mtu wake wa kutabasamu. Nikaandika jina kwenye orodha saba. Kwaya, ingawa siimbi. Uchangiaji damu, ingawa sindano nazikimbia. Sikuwa na hamu ya kushiriki lolote. Nilikuwa na ugonjwa wa kushindwa kumkatalia mtu aliyeninyooshea kalamu. Meza ya mdahalo ilikuwa na kitu ambacho nyingine hazikuwa nacho: kiti kitupu upande wa mgeni. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Nikakaa. Kaka wa mwaka wa tatu aliyekuwa upande wa pili akaona mtu mwenye moto wa hoja. Ilikuwa miguu.

Orodha sita zilijifia zenyewe kabla mwezi haujaisha. Ya saba haikufa, kwa sababu yule kaka alikuwa akinikuta kila mahali, kwenye foleni, kwenye ngazi za maktaba. "Jumatano, mdogo wangu. Usisahau." Jumatano moja nikaenda, ili aache.

Walikuwa wakifuata ule mtindo wa bunge la Uingereza: timu nne za watu wawili wawili, mbili serikalini na mbili upinzani, kila msemaji dakika 7. Kaka alitueleza kwamba mashindano ya dunia ya vyuo vikuu yalianzia Glasgow mwaka 1981, akieleza kama mtu aliyekuwapo akipanga viti. Mada inatangazwa, mnajiandaa dakika 15, basi, mnasimama. Mtunza muda hugonga meza dakika ya kwanza ikiisha, na kuanzia hapo wapinzani wanaweza kuinuka kuomba wakupe taarifa, yaani swali au neno fupi la kukukatiza. Ya sita ikiisha anagonga tena, wanyamaze, umalizie. Ya saba, mara mbili.

Nilikuwa nimejichagulia pembe ya nyuma kabisa. Lakini mwenzake kaka hakutokea. "Mdogo wangu, njoo."

Mada: Bunge hili litafuta mitihani ya mwisho wa muhula. Zile dakika 15 tulizitumia vizuri, hilo nalisema bila aibu. Yeye, Waziri Mkuu, achukue hoja mbili: kwamba mtihani hupima kumbukumbu, na kwamba hofu huwaangusha hata wanaojua. Mimi, Naibu, nimjibu Kiongozi wa Upinzani, kisha nilete ya tatu, jinsi kazi za muhula mzima zitakavyochukua nafasi ya mtihani. Ya tatu niliiandika kwa herufi kubwa, nikaipigia mstari mara mbili.

Akasimama. Alikuwa msemaji hodari, na msemaji hodari akishapata moto haoni tena mpaka wa shamba la jirani. Dakika ya tano alikuwa amemaliza zake mbili. Akaona muda bado upo. Akaingia ya tatu. Nilimwona akiingia, akaimaliza yote, pamoja na mfano wangu niliokuwa nimeutunga mwenyewe. Kiongozi wa Upinzani naye akatumia dakika zake 7, na sikusikia hata neno moja la kujibu, kwa sababu nilikuwa natafuta hoja ya nne kwenye karatasi yenye moja.

"Naibu Waziri Mkuu," mwenyekiti akaita. Nikageuka kumtazama huyo mtu. Kisha nikasimama.

Nikasalimu. Nikamsalimu mwenyekiti, waamuzi, wapinzani, watazamaji, mtunza muda. Ningemjua aliyefagia ukumbi ningemsalimu pia. Nikaisoma mada. Nikaisoma tena kwa maneno mengine. Sauti yangu ilikuwa inatoka, hilo lilinishangaza, lakini ilikuwa inatoka peke yake, haijabeba kitu.

Ngo.

Mlio haujaisha, upande wa pili watu watatu wamesimama, mkono mmoja mbele. Kanuni zinakuruhusu kuwapungia wakae. Hakuna aliyekuwa ameniambia, au niliambiwa na sikusikia. Mimi nilivyolelewa, mtu akisimama mbele yako anaomba, unamkaribisha.

"Karibu," nikasema.

Dada mmoja akanitazama kwa upole kabisa. Ule upole ndio nisiousahau. "Tungeomba Mheshimiwa atueleze tofauti iliyopo kati ya hoja yake na ya Waziri Mkuu."

Nikaangalia karatasi. Ile mistari miwili bado ilikuwa pale, mizito, karibu kutoboa upande wa pili. Nikamwangalia mwenzangu, alikuwa ameweka paji la uso kwenye kiganja na nilichoweza kukiona ni sikio. Nikamwangalia mtunza muda, binti mwembamba mwenye saa kubwa ya mkononi. Yeye peke yake hakuwa akinitazama. Alikuwa akiitazama saa, kalamu juu ya meza, kama mtu anayelinda sufuria ya maziwa. Nikatamani kuwa yeye. Nakumbuka nililifikiria hilo neno kwa neno, huku ukumbi mzima ukisubiri: natamani ningekuwa yule.

"Hakuna tofauti," nikasema.

Kimya. Halafu kicheko, kikubwa, na wala hakikuwa kibaya. Ni watu waliokuwa wameshika pumzi. Zilibaki dakika 5 na ushei. Nikasema ahsanteni, nikashuka, nikaketi kwenye kiti cha kwanza nilichokiona kitupu. Kilikuwa cha upinzani.

Tulishika nafasi ya nne kati ya timu nne. Mwenzangu aliniomba radhi, halafu akanieleza kwa robo saa kwa nini ilimlazimu. Mimi nikabadilisha njia ya kwenda maktaba.

Aliyenirudisha ni yule binti wa saa. Alinikamata foleni, hata salamu hakumaliza. "Jumatano nina maabara muhula mzima. Wewe saa unajua kuisoma, si ndiyo?" Nilijua.

Kwa hiyo niligonga meza. Muhula ukaisha, maabara yake ikaisha, nikaendelea kugonga mpaka mwaka ukakatika. Kikao hakikuanza bila mimi. Nilijua nani hukwama dakika ya nne, wengi hukwama hapo, hapo ndipo maji huombwa. Nilijua nani huanza kupayuka ya sita ikigongwa. Marafiki zangu wote wa chuo nilitoa kwenye ukumbi ule, wawili tunapigiana simu hadi leo, na mmoja wao ndiye yule dada wa upole. Mwaka wa tatu nilisimama tena kusema. Nikafika dakika ya saba. Mada siikumbuki, na sijakutana na mtu anayeikumbuka.

Kaka yangu, baba wa binti, ana msimamo wake: nilijificha. Anayeshika saa haulizwi taarifa, anasema. Huwa nabisha, kisha usiku nalala nikihesabu ni Jumatano ngapi nilizokaa nikiwatazama wenzangu wakitetemeka mimi nikiwa salama nyuma ya kalamu. Zilikuwa nyingi. Lakini mbona zilikuwa tamu?

Juzi binti kaniandikia kutoka chuoni: "Shangazi, nimejiandikisha vyama tisa. Vimezidi?"

Nikaandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika jingine, lenye busara ndani yake, nalo nikalifuta. Mwisho nikamuuliza kama miguu inamuuma.