Siku moja maishani mwangu: dawati la mawasiliano la mfuko wa ruzuku, Arusha

Saa 11:30 alfajiri

Julai Arusha ni mwezi wa sweta na chai ya tangawizi. Maji yakiwa bado jikoni nafungua simu, kwa sababu wenzetu wa Marekani humaliza siku yao sisi tukiwa usingizini. Kuna ujumbe wa mashirika mawili yanayouliza jambo moja: je, mfuko wenu utaziba pengo? Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, na USAID kufunga shughuli zake Julai mwaka huo huo, swali hili halijaisha.

Jibu letu ni hapana, na nilipigania kwenye kikao cha bodi tuliseme mapema na wazi. Mfuko binafsi hauwezi kubeba mzigo ulioachwa na serikali ya taifa kubwa. Shirika likiambiwa "tutaangalia" huacha kutafuta kwingine, na baada ya miezi michache wahudumu wake wanakosa mshahara. Nawajibu wote wawili kwa Kiswahili, kwa sentensi chache, pamoja na tarehe ya kufunguliwa dirisha letu lijalo la maombi.

Saa 2:00 asubuhi

Nimefika ofisini, Njiro. Mimi ni mkuu wa mawasiliano wa kanda katika mfuko wa hisani wenye makao makuu London. Hatutekelezi miradi. Tunatoa ruzuku kwa mashirika yanayotekeleza: maji, afya ya mama na mtoto, elimu ya awali. Watu wengi wakisikia "mawasiliano" wanafikiria kamera na fulana zenye nembo. Hayo yapo. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni kuamua nani aongelewe, kwa maneno gani, na nani asikie kwanza. Mfadhili anasikilizwa kwa sababu ana pesa, na sauti yake isipodhibitiwa humeza sauti za wote walio karibu naye.

Kazi ya kwanza leo ni tangazo la ruzuku. Dada wa kitengo cha ruzuku ameniletea rasimu iliyojaa "uwezeshaji jumuishi wa wadau". Tunakaa naye na kujiuliza: kiongozi wa shirika dogo la Longido, anayesoma tangazo hili kwenye simu yenye ufa, anataka kujua nini? Nani anaruhusiwa kuomba. Kiasi gani. Mtajibu lini. Tunayaweka hayo juu kabisa. Chini yake tunaeleza wajibu wa kisheria, kwa sababu wengi huujua wakiwa wameshachelewa: kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika linalopokea zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze fedha hizo hadharani na liwasilishe mkataba kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Mfadhili anayetoa pesa bila kumweleza mpokeaji masharti ya nchi yake anamwachia hatari ambayo yeye mwenyewe haimgusi.

Tangazo limebaki ukurasa mmoja. Dada amelisoma kwa sauti mara ya mwisho na kusema sasa hata mama yake angeomba.

Saa 4:15 asubuhi

Oldonyosambu, barabara ya Namanga. Mtendaji wa kijiji alishapigiwa simu jana, kwa hiyo tunapitia ofisini kwake kusaini kitabu cha wageni kisha tunaendelea.

Ukanda huu wa kuzunguka Mlima Meru una floraidi nyingi kwenye maji kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya hapa vinapita hapo kwa mbali. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake ya utu uzima yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, kabla ya kufika kama miaka minane, huota meno ya kahawia, na rangi hiyo haiondoki kwa mswaki. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi, kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki ile ile, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa nayo zaidi.

Shirika tunalolipa ruzuku limejenga na wanakijiji kituo cha kuchuja kwa mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa joto linalodhibitiwa, inasagwa, inajazwa kwenye tangi, na maji yakipita humo floraidi inanasa. Mimi nimekuja kwa sababu ya taarifa ya mwaka. Mwandishi wa kukodiwa ameandika habari ya familia moja, na utaratibu niliouweka ni kwamba habari ya mtu haitoki mpaka mwenyewe asomewe kwa lugha anayoielewa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na yale maandishi?"

Tunakaa kwenye viti vya plastiki chini ya mgunga. Nasoma taratibu. Nikifika pale palipoandikwa kwamba alikuwa akihangaika bila msaada, ananinyooshea kiganja.

"Hapo hapana. Sikuwa nahangaika. Nilikuwa nanunua madumu mawili ya maji yanayoletwa na gari kwa ajili ya wajukuu, sisi wakubwa tukanywa haya haya ya hapa. Andika hivyo."

Naandika hivyo. Katika sentensi yake bibi ni mtu aliyefanya hesabu ya nani akingwe kwanza kwa pesa kidogo aliyokuwa nayo, tena akaipata sawa, maana watoto ndio hasa wa kulindwa. Katika sentensi ya mwandishi alikuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Kisha akauliza mtaro wa bomba umetajwa wapi. Haukutajwa. "Mtaro tulichimba sisi, wanaume kwa wanawake." Nao umeingia.

Likaja suala la picha. Mjukuu wake yuko kidato cha kwanza, na katika mojawapo ya picha zilizopigwa anacheka meno yote nje. Ni picha nzuri mno, na najua wahariri wangu wanaitaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai ridhaa, na kwa mtoto mzazi au mlezi ndiye anayeitoa. Bibi alishaweka dole gumba kwenye fomu. Hata hivyo nikamwomba nizungumze na binti mwenyewe, bibi akiwa hapo hapo karibu. Nikamwonyesha picha zote kwenye kishkwambi, nikamwambia zitaonekana na watu wengi, hata wa shule nyingine.

Alizipitisha kwa kidole mpaka mwisho, akarudi nyuma, kisha akaziba mdomo kwa mkono kabla ya kujibu. "Hii hapana. Weka ile nimeshika chupa ya maji ya kupima." Kwangu mimi dole gumba la mlezi halitoshi ikiwa mwenye meno amekataa. Nimeifuta ile ya kicheko mbele yake, kwenye kishkwambi na kwenye hifadhi ya mtandaoni, akihakikisha kwa macho yake.

Kabla ya kuondoka, mwenyekiti wa kamati ya maji amenionyesha daftari la makusanyo ya kila ndoo. Mkaa wa mifupa huchoka. Ukishajaa floraidi lazima ubadilishwe, la sivyo watu wanachota maji yale yale ya zamani wakidhani yamechujwa. Ana safu nzima ya "akiba ya mkaa". Hiyo ndiyo habari ninayotaka mfuko wetu ujifunze kuisimulia. Sherehe ya kukata utepe inaandikwa na kila mtu. Daftari hili linasema kama maji yatakuwa salama miaka mitatu ijayo.

Saa 8:30 mchana

Ugali, maharage na mchicha kwa haraka, kisha kahawa na waandishi wawili jirani na Mnara wa Saa. Suala la bahasha, yaani pesa wanazopewa waandishi ili waandike, halikwepeki. Msimamo wetu ni huu: tunarudisha nauli kwa risiti, kiwango ni kimoja kwa wote na kinatangazwa kabla ya safari, na mwandishi akirudi asiandike chochote, au aandike ya kutukosoa, nauli yake iko pale pale. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka tu. Kuwataka waende Oldonyosambu kwa pesa zao ni kuwaonea, na kuwanunua ni kuharibu kazi yao na yetu pamoja.

Mmoja akauliza tunatumia kiasi gani kujiendesha wenyewe. Nikampa hesabu zilizokaguliwa na ukurasa wa kuangalia. Swali zuri, natamani liulizwe mara nyingi zaidi.

Saa 10:00 jioni

Simu ya video na London, kwao ni saa nane mchana. Kama nilivyotarajia, wanaitaka picha ya meno. Hoja yao si ya kupuuzwa: wachangiaji wanaelewa tatizo wakiliona. Nikawaeleza kwamba binti amekataa, na kwamba anaishi katika mkoa ambao watu hutaniana kwa rangi ya meno tangu darasa la kwanza; taarifa yetu itamfuata mpaka akiomba kazi. Nikawapa mbadala: yeye na chupa yake, na ukurasa wa daftari la akiba ya mkaa, kwa ruhusa ya kamati. Mhariri alinyamaza kidogo, kisha akasema daftari ndilo lililomvutia zaidi.

Ubishi mkali ulikuwa kwenye kichwa cha habari: "Tumeleta maji salama Arusha." Hapo nilisimama imara. Mamlaka ya maji ya Arusha imetekeleza mradi wa maji wa shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mkopo unarudishwa na Watanzania. Pale Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alibuni kichujio cha Nano kilichoshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Sisi tumelipia kituo kimoja, na mtaro wake umechimbwa na wenyewe. Mtu wa Arusha akisoma kichwa kile hatatuamini tena hata tukisema la kweli. Tumekubaliana kichwa kianze na kamati ya maji ya kijiji, na sisi tutajwe aya ya tatu, pamoja na kiasi tulichotoa.

Saa 11:30 jioni

Barua za kukataa. Zamani zilitoka kwenye mfumo, mstari mmoja wa "tunasikitika kukujulisha". Niliomba ziwe kazi ya kitengo changu na cha ruzuku kwa pamoja, kwa sababu barua hiyo ndiyo waombaji wengi wataikumbuka kuhusu sisi. Wanaokosa ni wengi kuliko wanaopata. Kila barua ya leo inataja sababu halisi: bajeti haikuonyesha gharama za matengenezo, au wazo ni zuri ila liko nje ya maeneo yetu. Pale ambapo tatizo ni kwamba pesa zetu ziliisha, tunasema pesa zimeisha. Si haki kumtafutia mtu kosa ili sisi tuonekane tumepima vizuri.

Mama mmoja anayeongoza kikundi cha chekechea Monduli amepiga simu mara tu baada ya kuisoma yake. Hakupiga kulalamika, anataka kuelewa mstari wa matengenezo. Tumeupitia pamoja mpaka walinzi wakaja kufunga madirisha, na nimemuunganisha na mhasibu wa shirika jingine la Monduli aliyekubali kumsaidia kuandaa bajeti ya awamu ijayo.

Saa 2:00 usiku

Nyumbani, redio iko mezani. Redio ya jamii inarusha kipindi cha maji kwa Kiswahili na Kimaasai. Sisi tunalipia muda wa hewani, na katika mkataba tulikubaliana kwamba maudhui ni yao. Mwenyekiti wa kamati anajibu simu mwenyewe. Mmoja ameuliza kama kuchemsha kunatosha, akajibiwa vizuri kabisa. Mwingine, sauti ya mama, ameuliza kuhusu magadi anayotia kwenye maharage ili yaive haraka. Mwenyekiti amesema atatafuta jibu.

Magadi ya maeneo haya nayo yana floraidi, wakati mwingine nyingi sana, na familia inaweza kuchota maji yaliyochujwa kisha ikairudisha floraidi kwenye sufuria. Nimemwandikia mtangazaji usiku huu huu kumwomba, akiona inafaa, kipindi cha wiki ijayo kiwe cha magadi, na nimempa namba ya ofisi ya afya ya wilaya ili swali la yule mama lijibiwe na mtaalamu. Amejibu kwamba wapiga simu wengine wameshaanza kuliuliza.