Nilivyozisaka desibeli mbili kwenye kiboksi cha volyumu

"Kaka, wimbo umetulia, ila mbona naimba nikiwa kiti cha abiria?"

Aliyeniuliza hivyo ni mteja wangu, mwimbaji wa kaswida, akiwa ndani ya gari lake na wimbo niliomkabidhi jana yake. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Usukani wetu uko kulia. Dereva yuko karibu na spika ya kulia, kwa hiyo kila kitu humvutia upande huo. Sauti ikimkimbia kwenda kushoto, basi imepelekwa huko, na aliyeipeleka ni mimi.

Studio yangu ni chumba kimoja hapa Dar es Salaam: magodoro ukutani, kompyuta mpakato, saundi kadi, spika mbili zenye amplifaya ndani, na kati ya saundi kadi na spika, kiboksi cha chuma chenye nobu moja kubwa ya volyumu. Kiboksi hakitumii umeme. Ndani mna potensiometa moja (kile kipande kinachozungushwa na nobu kupunguza sauti) ya njia mbili, kushoto na kulia, ukinzani wa omu 10,000 kila njia, basi. Nilikinunua mtumba, na kwa miaka miwili sikukitilia shaka hata siku moja. Kitu kisicho na umeme kitaharibu nini?

Usiku ule nilipiga mlio mmoja wa mono, yaani uleule pande zote mbili, nikakaa katikati ya spika na kufumba macho. Mlio ulikuwa kulia kidogo. Nikabadilishana waya za kuingilia kwenye kiboksi, kushoto ikawa kulia: mlio ukabaki palepale. Saundi kadi haina kosa. Nikarudisha, nikabadilishana waya za kutokea: mlio ukahamia kushoto. Basi si spika, si chumba, wala si masikio yangu, ambayo nilishaanza kuyafikiria vibaya. Miaka yote hiyo kiboksi kilikuwa kinanipa kulia zaidi, nami naivuta sauti ya mwimbaji kushoto ili ikae katikati.

Kujua mwizi yuko nyumba gani si sawa na kumkamata. Nilitaka namba. Nikachomeka mita yangu, ile ya bei ya chini, nikaona sifuri. Kipimo chake kidogo kabisa cha umeme wa AC ni volti 200. Vitu vya millivolti havioni kabisa. Nikaenda Kariakoo kwa mzee mmoja fundi redio ambaye hunisaidia kulehemu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umeunguza nini?"

Nilimweleza. Akanipa mita yake inayosoma millivolti, na agizo moja: "Kabla hujapima boksi, pima waya mtupu. Usipojua waya unasema nini, utamsingizia boksi."

Nashukuru nilimsikiliza. Nilipakua Room EQ Wizard, programu ya bure ambayo wengi huitumia kupimia vyumba, lakini inapima vifaa pia. Nikachukua waya mmoja kutoka tundu la kutolea la saundi kadi hadi tundu lake la kuingizia, upande wa laini, nikahakikisha volti 48 za maikrofoni zimezimwa. Grafu ilipotoka nikaona miiba mitatu imesimama: hezi 50, 100 na 150. Muungurumo wa umeme wa nyumbani. Kama ningeanza na kiboksi, ningeapa kwamba ndicho kinachounguruma.

Nilihangaika na miiba hiyo saa nzima. Nikabadilisha waya, nikasogeza taa, nikazima feni na kuloa jasho. Saa nne usiku umeme ukakatika mtaa mzima. Kompyuta ikaendelea kwa betri, saundi kadi inakula umeme kutoka kompyuta hiyohiyo, na programu ilikuwa bado inapima. Miiba ilikuwa imetoweka. Kumbe ilikuwa chaja ya kompyuta. Ni mara yangu ya kwanza kufurahia umeme kukatika, na tangu siku hiyo sipimi chochote chaja ikiwa imechomekwa.

Sasa kiboksi chenyewe. Nobu yake inaanzia pale mshale wa saa unapoonyesha namba 7 na kuishia kwenye 5, yaani kwetu inaamka saa moja na kufunga kazi saa kumi na moja. Nikaweka nukta za rangi ya kucha ya mke wangu kila "saa", ili nikirudia kipimo nirudi palepale. Usitegemee jicho tupu kwenye nobu. Kuteleza kidogo tu kunakubadilishia namba yote.

Nikapeleka mlio wa hezi 100, volti 1.23 pande zote mbili. Nilichagua hezi 100 kwa sababu mita nyingi za kawaida husoma vizuri masafa ya karibu na umeme wa nyumbani, ila ukizipa hezi 10,000 zinakudanganya waziwazi. Saa kumi na moja, volyumu yote, kushoto na kulia zilikuwa karibu sawa: tofauti ya desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha tofauti ya ukubwa wa sauti). Saa sita, desibeli 0.4. Saa tatu, kulia millivolti 48, kushoto 38. Gawa 48 kwa 38, chukua logi, zidisha kwa 20: desibeli 2. Saa mbili ilikuwa zaidi ya 3.

Na mimi hufanya kazi wapi? Saa mbili na nusu hadi saa tatu. Chumba ni kidogo, jirani ana mtoto mchanga, na spika zangu zina nguvu kuliko chumba chenyewe. Nilikuwa naishi hasa kwenye kona mbovu ya kifaa.

Mzee aliniambia sababu baadaye, bila hata kuangalia grafu zangu. Volyumu ya bei nafuu ni njia mbili za kaboni zilizopakwa juu ya vibao viwili, na mhimili mmoja unaozungusha vigusio vya njia zote mbili. Ili volyumu ipande kwa namna inayopendeza sikio, kaboni hiyo haipakwi ya aina moja. Vipande vya ukinzani tofauti huunganishwa. Huku chini, ambako ukinzani uliobaki ni mdogo, kosa dogo la upakaji linakuwa kubwa kwa uwiano. Volyumu ikiwa juu huwezi kuliona.

Kuna usiku mwingine niliupoteza bure. Nilipopima mwitikio wa masafa, yaani kama sauti nene na nyembamba zinapita sawasawa, nobu ikiwa saa tisa, trebo (sauti nyembamba za juu) ilishuka kidogo mwishoni, nikadhani nimepata kosa la pili. Nikapiga hesabu. Pale potensiometa inapokata nusu ya volti, kama hapo saa tisa, ukinzani wake wa kutolea ndio mkubwa kuliko kokote: robo ya omu 10,000, yaani 2,500. Waya wangu kwenda kwenye spika ulikuwa mita 10, umekunjwa nyuma ya meza kwa sababu nilikuwa mchoyo wa kuukata, na waya wa aina hiyo huwa na takriban pikofaradi 100 (kipimo cha chaji ambayo waya huhifadhi) kwa kila mita. Ukiviweka pamoja, trebo inaanza kukatwa karibu na hezi 64,000, na kwenye hezi 20,000 unapoteza kama desibeli 0.4. Ndicho hasa nilichokiona. Nikaukata waya hadi mita mbili, mstari ukanyooka. Kwenye saa tatu ninayosikilizia mimi haukuwahi kuleta shida, lakini nilitaka kulala.

Msokoto wa sauti, yaani mlio kuharibika umbo, sikuuona kabisa: namba za kiboksi zilikuwa zilezile za waya mtupu. Wanaouza maboksi haya kwa kusifia "usafi" hawadanganyi, ila hawakuambii kuhusu saa mbili.

Dawa niliyochagua ni kuing'oa potensiometa na kuweka swichi ya kuzungusha yenye njia mbili na vituo 6, kila njia ikiwa na rezista (vipande vya kukinza umeme) saba zilizofuatana. Kutoka chini, upande wa ardhi, yaani waya wa kurudia: omu 100, tena 100, 200, 390, 820, 1,500, na juu kabisa 6,800. Jumla inakaribia 10,000 kama ile ya zamani, na kila kituo kinapishana na mwenzake kwa takriban desibeli 6, kuanzia kushusha desibeli 40 hadi 10. Sikuhitaji zaidi ya hapo; volyumu kamili sijawahi kuitumia.

Rezista za asilimia 1, yaani zinazoweza kukosea hadi kiasi hicho, si sawa kwa sawa. Mbili zikikosea kinyume, upande mmoja unaweza kupotoka desibeli 0.17, na pande mbili zikipishana vibaya unakaribia 0.35. Kwa hiyo nilinunua kumi za kila thamani, nikakaa sakafuni na mita, nikazioanisha mbilimbili. Mke wangu aliuliza kama nachambua mchele.

Nililehemu jioni mbili. Jioni ya pili ilikuwa ya kurekebisha niliyoharibu ya kwanza: nilikuwa nimeunganisha ardhi ya kushoto na ya kulia kwa kiwaya kimoja chembamba, na nilipopeleka mlio kushoto pekee, ukasikika na kulia. Nikaipa kila njia ardhi yake hadi kwenye jeki, ukapotea chini ya kelele za saundi kadi.

Kupima tena kulichukua dakika ishirini. Vituo vyote 6, tofauti ya kushoto na kulia haikufika desibeli 0.1. Swichi ina kasoro zake. Ukiizungusha haraka spika zinagonga "tak", kwa sababu inaachia kituo kimoja kabla ya kushika kingine. Nikaongeza rezista ya omu milioni moja kutoka njia ya kutokea hadi ardhi, kila upande. Mlio huo ukapungua, haukuisha. Na hatua za desibeli 6 ni pana. Nikitaka katikati natumia kompyuta.

Nilimiksi upya kaswida ile, sauti ya mwimbaji nikaiweka katikati bila kuivuta popote, nikamtumia. Jumamosi alipita mwenyewe, tukakaa garini kwake, yeye kulia, mimi kiti cha abiria. Aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, vidole vinagonga usukani.

"Kaka," akasema, "besi mbona ndogo?"