Mzee wa Malindi na Swali Lake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni 1 Petro 3:15, mstari unaopendwa na kila anayejifunza utetezi wa imani: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu."

Mwaka 1542 meli ya Wareno iliyokuwa safarini kwenda Goa ilitia nanga hapa Malindi. Abiria mmoja alikuwa padri Mjesuiti, Francis Xavier. Katika barua aliyoandika mwaka huohuo anasimulia kwamba mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima mjini, alimjia na swali. Hakugusa habari za Utatu wala za Injili kupotoshwa. Alitaka kujua kama huko kwa Wakristo watu bado wanakwenda kanisani, na wakisali, wanasali kwa moyo? Maana mji wake ulikuwa na misikiti 17, na mitatu tu ndiyo iliyokuwa ikipata watu. Jambo hilo lilimsumbua. Alihisi kuna dhambi kubwa nyuma yake.

Xavier akamjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Wakajadiliana sana, na kila mtu akabaki na lake.

Xavier namheshimu, alisoma Paris na akafa akiwa njiani kuipeleka Injili China. Ila hapa, kwa maoni yangu, mzee alileta huzuni yake akarudishiwa hoja.

Sisi watu wa pwani tunaijua mihadhara ya Wakristo na Waislamu: vipaza sauti, vitabu vilivyochomekwa vipande vya karatasi kila ukurasa, aya kwa aya, watu wakishangilia kama mpirani. Siipingi. Lakini maswali mazito hunijia barazani baada ya alasiri, kwenye kahawa tungu na kashata. Jirani yangu mmoja aliwahi kukizungushazungusha kikombe mpaka kahawa ikapoa, kisha akasema, "Pasta, nyinyi vijana wenu mwawashika vipi? Huyu wangu kaingia unga." Nikamwambia, "Mzee wangu, hata kwetu wamo." Tukazungumza hadi adhana ya magharibi. Nilimsimulia yule baba wa Luka 15 aliyemwona mwanawe angali mbali. Akauliza kama yule kijana aliporudi alikuwa amepona kabisa. Swali hilo sijawahi kulisikia darasani, na bado nalifikiria.

Asije mtu akasema basi tusisome. Paulo akiwa kifungoni, baridi inakaribia, alimwagiza Timotheo joho na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mchungaji wa Malindi asiyejua maaskofu waliamua nini juu ya uungu wa Kristo kwenye mtaguso wa Nikea mwaka 325, au asiyewahi kuifungua Qurani kwa utulivu, atajibu maneno ya kuokoteza. Hata mmisionari Krapf, alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kule Mombasa mwaka 1844, alikaa na sheikh wa hapohapo amsaidie. Kusoma kwetu kutufanye tuweze kukaa hivyo na mtu, tusiwe na haraka ya kumkata kauli.

Jumatano baada ya maombi, wazazi wenye vijana walioingia unga tunakutana ukumbini. Mwenye jirani aje naye, awe wa dini yoyote. Wangu nimeshamwambia, kasema inshallah.